Ng'ombe Kwanza

Mamo hajui kuogelea, na jambo hilo halifichi. Ukimwuliza imekuwaje mtu asiyejua kuogelea akapewa kazi ya nanga kwenye pantoni ya Mto Tana, atakwambia kwamba kazi ya nanga ni ya kukaa ndani ya chombo, si ya kukaa ndani ya maji, na siku atakapoingia majini atakuwa ameshaacha kazi. Kisha atacheka peke yake, polepole, nawe utabaki hujui kama umejibiwa au umefukuzwa.

Si mtu wa mto. Kwao ni upande wa Griftu, kule Wajir, kwa wafugaji wanaozungumza Kioromo, ambako maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona ujanani ni yale yaliyojaa kwenye hori. Alikuwa na ng'ombe ishirini na watatu. Ule ukame uliokataa kuisha ukawachukua mmoja mmoja, na wa mwisho kufa alikuwa jike wa rangi ya majivu aliyeitwa Daleti. Daleti alifia kando ya kisima, hori limejaa maji mbele yake, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuinamisha shingo. Mamo alimchotea kwa viganja, akampaka midomoni. Maji yakamwagika mchangani.

Tangu siku ile hakuimba tena. Kwa mtu wa pwani au wa Nairobi hilo linaweza kuonekana dogo, basi ngoja nieleze. Kwao kunywesha ng'ombe ni kuimba. Watu hujipanga kisimani kutoka chini hadi juu, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na anayeongoza huimba ili mikono yote iende pamoja. Ndani ya wimbo hutaja majina ya ng'ombe, na ng'ombe waliosimama mbali wakingoja zamu yao huusikia, hupandisha masikio, na kuja wenyewe. Mamo ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikuwa na sauti ambayo watu wa visima vingine walisingizia kutafuta mbuzi aliyepotea ili tu waje kuisikiliza.

Alifika Masalani na begi moja na mabega mapana. Jawahir, mama mwenye pantoni, aliyaangalia yale mabega, akaangalia nanga yake, akamwajiri papo hapo. Nanga yenyewe ilitoka Kipini, kwenye chombo kikubwa cha baharini kilichovunjwa, na ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa chombo cha mtoni. Ilikuwa na uzito wa kilo tisini, ukiondoa mnyororo. Wazee wa Masalani walimcheka Jawahir kwamba amemnunulia punda tandiko la ngamia. Mto ulipofurika wakaacha kucheka, kwa sababu ni ile nanga tu iliyoweza kuizuia pantoni isichukuliwe na maji. Mamo aliiita Dume. Kila jioni aliiosha tope na kuipigapiga begani kama anavyopigwapigwa ng'ombe dume aliyefanya kazi njema.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa tano, mvua zimeshanyesha huko juu milimani na mto umevunja kingo zake. Ng'ambo ya pili kulikuwa na kilima kidogo ambacho siku tatu kabla kilikuwa malisho, na sasa kilikuwa kisiwa. Juu yake kulikuwa na Arbia, mjane wa Kiorma, na wanawe wawili wa kike wa miaka minane na mitano, na mama mkwe wake, Bibi Sake. Na ng'ombe kumi na mmoja. Waorma nao husema Kioromo, kwa hiyo Mamo na Arbia walielewana bila shida, ingawa kila mmoja alidhani mwenzake anayavuta maneno ovyo.

Pantoni ilikwenda kuwachukua, lakini isingeweza kuwabeba wote kwa safari moja. Abdilatif, nahodha, aliyezaliwa Masalani na kuujua mto kama anavyojua ua wa nyumba yake, alisimama kando ya mashine na kusema kwa Kiswahili, "Watu kwanza. Ng'ombe itangoja."

Arbia alikataa. Hakupiga kelele. Alimgeukia Mamo, akamwambia kwa lugha yao, "Abera, mwambie. Nikiondoka mimi, ng'ombe watanifuata majini, na wote watakwenda na maji. Watoto wana bibi yao. Ng'ombe wana mimi tu." Abera ni baba mdogo; alimwita hivyo ingawa walikuwa wameonana kwa mara ya kwanza nusu saa tu iliyopita.

Mamo akatafsiri. Abdilatif akakuna kidevu. Mahali waliposimama pakavu palikuwa bado pana, hatua sitini hivi kwa arobaini, na safari ya kwenda na kurudi haikuzidi saa moja na nusu. "Wewe Mamo, unasema nini?" akauliza. "Hii mambo ya ng'ombe wewe unajua."

"Ng'ombe kwanza," akasema Mamo. Lilimtoka kabla hajalifikiria, kama vile mtu anavyoitika salamu.

Wakapakia ng'ombe. Aliyekuwamo pia ni Rage, mfanyabiashara kijana wa Masalani, aliyekuwa amekwenda ng'ambo kuangalia duka lake na kukuta lina maji hadi kwenye rafu ya sukari. Bibi Sake alibaki amekaa juu ya kilima, wajukuu wawili ubavuni, na dumu la manjano la maji ya kunywa akaliweka chini pale pale maji ya mto yalipokomea. Alikuwa na akili huyo mama. Alitaka kuona maji yanapanda kiasi gani.

Katikati ya mto mashine ikakoroma na kunyamaza. Chandarua, sijui cha kitalu cha nani, kilikuwa kimejisokota kwenye propela. Pantoni ikaanza kuteremka na maji ubavu ubavu. "Mamo, nanga," akasema Abdilatif, na Mamo akaiachia. Kamba ikakimbia, ikakaza, pantoni ikageuka kuutazama mkondo na kutulia. Dume alikuwa ameshika. Abdilatif akavua shati, akainama nyuma kwa kisu, akakikata chandarua kipande kwa kipande. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu jambo lilikuwa linatengenezeka.

Mashine ikawaka. Mamo akashika mpini wa winchi kuipandisha nanga. Akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kukasikika mlio mkavu ndani ya lile sanduku la gia, na mpini ukaanza kuzunguka bure kama kisagio kisicho na nafaka. Mamo akafungua kifuniko. Jino la gia lilikuwa limekatika, na kipande chake kimevunja mengine mawili. Alikitoa kile kipande, akakiweka kwenye kiganja na kukiangalia kwa muda. Hakikuwa kitu cha kushona wala kufunga kwa waya.

Wakavuta kwa mikono, wote wanne, hata Arbia. Kamba ilikuja mita kumi, pantoni ikasogea hadi ikawa juu kabisa ya nanga, kisha ikagoma. Dume alikuwa ameingia chini ya kitu, gogo la mkuyu labda, au shina la mkoma lililozama miaka mingi. Wakavuta tena. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake, huyu akianza yule ameshachoka, na Rage akateleza kwenye kinyesi cha ng'ombe akaanguka kwa makalio.

"Adeer, kata hii kamba," akasema Rage akijipangusa, maana yeye Msomali, na kwao mzee huitwa adeer. "Kata, tuende. Nanga ni chuma tu."

Abdilatif alitikisa kichwa. "Nikikata, wapi nitasimama? Upande wa Masalani nguzo yote iko chini ya maji. Bila nanga siwezi kushusha hata kuku. Hawa ng'ombe nitawapeleka mpaka Garsen huko chini." Akaelekeza kidevu kule kwenye kilima. "Na kule kurudi, sahau. Bila nanga sirudi leo."

Hapo wote wakatazama kule. Bibi Sake alikuwa amesimama. Alishika lile dumu la manjano, akalipandisha juu hatua chache, akaliweka chini tena na kukaa. Arbia aliona. Aliketi juu ya ubao wa pantoni, akafunika mdomo kwa ncha ya shela yake, akasema kwa sauti ndogo sana, "Niliwaacha wanangu nikachukua ng'ombe." Hakuwa akimwambia mtu.

Mamo alimsikia. Mimi ndiye niliyesema, akawaza. Nahodha aliniuliza na mimi ndiye niliyejibu. Mtu asiye hata na ndama alikuwa ameamua mambo ya ng'ombe, na sasa watoto wa watu walikuwa wanahesabiwa maisha kwa dumu. Aliona aibu hadi masikio yakamwasha. Angekuwa anajua kuogelea, labda angeruka. Ila hakujua, basi akashika kamba na kuvuta peke yake kama mjinga, mpaka Abdilatif alipomgusa mkono na kumwambia apumzike.

Walimpigia simu Jawahir. Alisema chombo kingine kitapatikana kesho asubuhi. Wakamshukuru, wakakata simu, na hakuna aliyelitamka neno kesho.

Basi hivi ndivyo ilivyotokea. Tawi kubwa lilikuja na maji, likagonga pantoni nyuma. Ng'ombe wakashtuka, wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, na mbele ya pantoni ikazama karibu kiganja kizima. Mamo alikuwa bado ameishika kamba. Akaisikia ikilegea mkononi mwake. Hazikupita pumzi tatu ng'ombe wakarudi katikati, na kamba ikakaza tena.

Mamo hakuiachia kamba. Alikumbuka jambo. Alipokuwa kijana, ng'ombe wa shangazi yake aliteleza akatumbukia kisimani. Wanaume kumi walivuta, wakavuta, hadi viganja vikachubuka. Shangazi akawafukuza wote. Akafunga kamba kwenye ng'ombe wanne wazito, akaenda akasimama kwenye hori la mbali, akaanza kuimba majina yao. Wale ng'ombe wakaondoka taratibu kwenda kunywa, na nyuma yao yule aliyetumbukia akatoka shimoni akishangaa.

"Nahodha," akasema Mamo, "hii ng'ombe ni kilo ngapi wote?"

Abdilatif akawapima kwa macho. "Elfu mbili. Labda zaidi."

"Tuwaweke mbele, wote. Kamba tuifunge hapa kwenye nguzo ya pantoni ikiwa imelegea vile, tuikaze sana. Halafu waende nyuma."

Abdilatif alimwangalia Mamo, akaangalia ng'ombe, akaangalia nguzo. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ng'ombe wakienda nyuma, mbele itainuka, na nguvu ya mto wenyewe itaipandisha nanga. "Na nani atawaambia waende nyuma polepole?" akauliza. "Ukiwachapa watakimbia, tutapinduka."

"Wataitwa," akasema Mamo.

Kuwaleta mbele hakukuwa na taabu. Arbia alikuwa na kifuko cha chumvi, akakishika mkononi wakamfuata. Mbele ikazama. Mamo na Rage wakaifunga kamba kwenye nguzo mizunguko minne, wakaikaza hadi ikatoa maji. Kisha Arbia akapenya ubavuni hadi nyuma, akaweka karai chini, akatia chumvi na maji, akageuka kuita. Sauti ikakataa. Alifungua mdomo, akatazama kilimani, na kilichotoka ni pumzi tu. Akajaribu tena, akaanza kulia. Ng'ombe walimwangalia, wakabaki palepale.

"Abera," akasema. "Siwezi."

Mamo alijua kitakachofuata, na hakukitaka. Alikwenda nyuma, akasimama kando ya karai. "Nitajie majina," akamwambia. Akashika ukingo wa karai kwa mikono miwili na kuligonga sakafuni taratibu, kama hori linavyogongwa na ndoo. Miaka mitatu hakuwa ameimba. Sauti ya kwanza ilitoka na kutu, kama lango lililosahauliwa. Ya pili ikawa bora. Arbia alimnong'oneza, na yeye akayaweka majina ndani ya wimbo, Dimtu mwekundu, Gurati mweusi, Bure mwenye madoa. Wimbo wa visima vya Waorma na wa visima vya Wajir si mmoja, lakini ni watoto wa mama mmoja. Masikio yakapanda.

Dimtu ndiye aliyeondoka kwanza. Akaja hatua kwa hatua, kichwa chini, bila haraka hata kidogo, maana ng'ombe aliyeitwa kwa zamu yake hana sababu ya kukimbia. Wengine wakafuata. Mbele ya pantoni ikaanza kuinuka. Kamba ikalia. Abdilatif akaongeza mashine kidogo. Rage alikuwa amekaa karibu na nguzo, viganja wazi, midomo inacheza kwa dua.

Haikutosha. Kamba ilikaza hadi ikawa nyembamba, na chini hakuna kilichosogea. Wakawarudisha ng'ombe mbele, wakaikaza upya, wakaanza tena. Huko kilimani Bibi Sake akalisogeza dumu mara ya tatu.

Mara ya pili Mamo alikuwa ameshayajua majina, na aliimba amefumba macho. Alipofika jina la kumi wimbo ulitaka jina jingine, kwa sababu kumbe bado kulikuwa na mmoja mbele aliyesitasita, mtamba wa rangi ya majivu. Arbia hakusema kitu. Na Mamo, macho yamefumbwa, akamwita Daleti.

Alijisikia akimwita. Kifua kilimwuma kama siku ile kisimani, na machozi yakaanza kumtoka mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake. Hakuacha kuimba. Akalirudia jina, na kulirudia, jinsi alivyokuwa akiliimba zamani jioni ng'ombe wake wote wakiwa hai. Yule mtamba akageuza kichwa. Akaja nyuma, akapenya katikati ya wakubwa, akatia pua kwenye karai.

Chini ya mto kitu kikaachia. Pantoni nzima ilitikisika, mbele ikaruka juu, Rage akaanguka tena kwa makalio na safari hii akacheka. Kamba ilikuwa imelegea. Dume alikuwa huru.

Ilibaki kumvuta. Mamo akawaketisha Arbia na Rage nyuma yake, miguu imekanyaga mbao, akawaambia wasivute kwa nguvu zao, wavute kwa sauti yake. Sauti ikipanda, vuta. Ikishuka, zungusha kwenye nguzo na upumue. Nusu ya maneno Rage hakuyaelewa, lakini mikono yake ilielewa. Kamba ikaja, mnyororo ukaja, kisha Dume mwenyewe akatokeza amejaa tope jekundu na mzizi mweusi umemng'ang'ania kama mkono wa mtu.

Upande wa Masalani nanga ilishika, ng'ombe wakashuka wote, na Rage akajitolea kubaki nao. Pantoni ikageuka na kurudi. Kilima kilikuwa kimebaki upana wa nyumba mbili. Arbia aliruka kabla pantoni haijatulia, maji yakamfika mapajani, akawakumbatia wanawe wote wawili kwa pamoja na hakuwaachia hata alipowapandisha.

Bibi Sake hakupanda. Alisimama kwenye ukingo na dumu lake la manjano, maji yamefika vifundoni, akamkazia macho Mamo aliyekuwa mbele ameshika kamba.

"Ng'ombe wamefika?" akauliza.

"Wamefika, Bibi. Panda."

"Wote? Nitajie."

Abdilatif, kule nyuma, akafunika uso kwa kiganja. Lakini Mamo alimwelewa huyo mama kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote wa mto. Akamtajia, Dimtu, Gurati, Bure, mmoja baada ya mwingine, Bibi akihesabu kwa vidole. Jina la kumi na moja likamtoka lenyewe.

"Daleti?" akasema Bibi Sake. "Daleti ni nani? Sina ng'ombe wa jina hilo."

Mamo alitazama kamba.

"Ni yule mtamba wa Gurati, Mama," akasema Arbia kutoka ndani ya pantoni, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto. "Wa rangi ya majivu. Hakuwa na jina. Leo ameitwa hivyo, na alikuja."

Bibi kizee akalifikiria hilo, maji yakimpita miguuni. Kisha akampa Mamo dumu, akampa na mkono.

"Linamfaa," akasema, akapanda.